Sabuni Ndogo Chini ya Ngozi

Mafuta nayajua. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, lakini niletee dumu la mawese, bidoni kama tunavyoita, nimefumba macho, nitainusa nikuambie kama aliyeyapika alikuwa na haraka, kama matunda yalilala chini siku nyingi kabla ya kuingia pipani, kama muuzaji ni mtu wa kweli au ameyabatiza kwa maji ya mto. Watu wa Mangobo, mtaa wetu hapa Kisangani, wanaoga kwa mikono yangu. Nilianza na sufuria ya mama yangu. Soda ya kupikia sabuni iliila mpaka ikatoboka, naye akanifukuza nayo hadi barabarani, huku vijana wa toleka, wale wa baiskeli za kubeba watu, wakimpigia kengele za kumtia moyo. Leo nina mapipa, nina banda la bati, nina pirogi ya mota, mtumbwi ninaoshuka nao mpaka Yanonge kufuata mafuta kwa wapishi wenyewe, na nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalisema kila mahali na sitaacha kulisema.

Isipokuwa yaya. Kwetu yaya ni yule aliyekutangulia tumboni, na wangu ni kaka. Yeye alinishika mkono kweli. Tulikuwa wadogo kule Yanonge, akakaa nyuma yangu mbele ya ukuta wa jiko, akaushika mkono wangu wenye kipande cha mkaa, akauendesha mpaka ukatoa jina langu. Baba alivua samaki kwa ajili ya shule ya mtoto mmoja, na mtoto huyo hakuwa mimi. Sikuona wivu. Au niliona, lakini wivu wa kujivuna, kama mtu anavyoona wivu juu ya jogoo wa nyumba yake mwenyewe.

Yaya alipanda mto, akafika chuo hapa Kisangani, akasoma mwaka wa kwanza, akaingia wa pili. Hapo ndipo alipoanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mwanzo tulidhani ni masomo yamemzidi. Tukampeleka kwenye vyumba vya maombi, tukampeleka kwa watu wa mizizi, halafu kwa munganga wa hospitali, ambaye alimpa vidonge. Na vidonge, bon, vilifanya kazi. Taabu ni kwamba kidonge ni kitu cha kila siku. Yaya akikimeza wiki mbili anapona, na akishapona anauliza kwa nini mtu mzima ameze dawa. Anakificha chini ya ulimi, anakitema nyuma ya choo. Mama alikuwa anamwekea ndani ya lituma, ile ndizi ya kuponda, na yaya alikuwa anakila kitonge chote na kukirudisha kidonge kikiwa kikavu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Hiyo ilikuwa vita ya kila asubuhi nyumbani kwangu, miaka na miaka. Nani angeshinda?

Baba alikufa katikati ya vita hiyo. Alifia Yanonge, na mazishi ni kule. Wiki ile yaya alikuwa amepatikana Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, amekunja nguo zake vizuri kando ya njia ya ndege, yeye mwenyewe uchi, anasubiri. Tukamwacha mjini na mke wangu, mlango umefungwa kwa nje. Sasa, kwetu, udongo wa kwanza juu ya baba unatupwa na mtoto wa kwanza. Wengine wote wanangoja mkono ule. Pale kaburini watu walisimama, wakanitazama, nikainama, nikachota, nikatupa mimi. Mjomba wangu mmoja alikohoa. Nilimsikia.

Ndiyo maana munganga mpya wa kituo chetu cha afya aliponiita na kuniambia kuna sindano, nilifika kwake kabla hajamaliza chai yake. Alikuwa mwanamke wa umri wa mke wangu, sauti ya chini, miwani imefungwa kwa uzi. Sindano yenyewe aliipata kwa watu aliosoma nao nje ya nchi. Haikuwa ya kuuzwa.

"Papa, hii dawa haimezwi," aliniambia. "Inaingia chini ya ngozi mara moja, inakaa mwezi."

"Mwezi muzima? Inakaa wapi?"

"Pale pale pa sindano."

Yaya, niliyekuja naye, alikaa kwenye benchi, anatazama dari na kumkatalia mtu jambo fulani kwa kichwa. Munganga aliishika ile sindano kwenye mwanga wa dirisha ili nione. Ndani mlikuwa na kitu kama mafuta mepesi.

"Na ni mafuta kweli," alisema. "Mafuta ya mimea, yamefanyiwa kazi, na dawa imeyeyushwa ndani. Humu yanatiririka. Yakiingia kwenye nyama yanakutana na maji ya mwili, yanayanywa, yanashikamana. Haiko jiwe, haiko maji. Iko katikati. Ndani yamejipanga vizuri, kama kristali, lakini ukibonyeza yanalegea. Kwa Kifaransa wanaita kristali ya majimaji. Yana vinjia vidogo, vidogo kupita jicho la mutu, na dawa inatembea ndani ya vile vinjia, inatoka pole pole. Halafu mwili unakula mafuta yenyewe, yanaisha."

Nilipiga paja langu. Yaya aliacha kubishana na dari akanitazama.

"Munganga, hiyo naijua! Iko sabuni!"

Nikamweleza. Mtu asiyejua kazi anafikiri ukiongeza maji kwenye sabuni inayopikwa, itakuwa nyepesi. Hapana. Kuna saa unaongeza maji na yenyewe inazidi kuwa nzito, inaganda juu ya mwiko, inang'aa kama jicho la samaki mbichi, unakoroga mpaka bega linalia. Imekunywa maji na imekataa kuwa maji. Mapipa mangapi yamenifanyia hivyo! Na dawa yake ni moto. Unachochea kuni, inalegea, inakubali.

"Haiko sabuni, papa," munganga alisema, anacheka kidogo. "Sabuni ingemuchoma. Lakini ni watu wa ukoo moja, sikatai."

Kisha akaacha kucheka. Akasema sharti ni moja. Nyuma ya mkono, pale atakapopiga, patatokea kauvimbe kama punje ya haragi, haragwe moja. Kaachwe. Pasisuguliwe, pasikandwe, pasiwekwe kitambaa cha moto. Kale kauvimbe ndiko dawa yenyewe.

"Tumesikia," nilisema. Na nilisikia. Ila masikio yangu yalikuwa yameshatangulia nyumbani kuwaambia watu.

Uani kwangu kulikuwa na mama, mke wangu, na jirani yetu anayeuza makemba, ndizi za kupika, mbele ya lango, mwanamke ambaye Mungu alimnyima kufuli la mdomo. Nilisimama katikati yao kama mtu aliyeitengeneza dawa kwa mikono yake.

"Mama, hakuna vidonge tena. Wamemuwekea yaya sabuni ndogo chini ya ngozi. Itamuosha kichwa kidogo kidogo, mwezi muzima."

"Yesu! Sabuni ndani ya mutu?"

"Ndogo. Kama haragi. Ilitoka kwenye mafuta, kama yangu."

"Tonton, basi unitafutie moja ya bwana yangu," jirani alisema. "Kichwa yake iko muchafu toka tuoane."

"Ya bwana yako inaomba pipa nzima, mama. Na soda juu."

Tulicheka mpaka yaya naye akatabasamu, bila kujua tunacheka nini. Nilisema pia kwamba mahali pale pasiguswe. Nakumbuka nilisema. Mke wangu anasema nilisema. Mama anasema nilisema sabuni.

Yaya alirudi kwa vitu vidogo. Siku moja aliomba chumvi. Miaka yote ile alikuwa anakula chochote, hata kama hakina ladha, na asubuhi hiyo alionja pondu, yale majani ya muhogo, akasema, "Mama, umesahau chumvi," na mama akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu, chumvi iko mezani. Alikata kucha. Aliuliza mtoto wangu wa mwisho ni wa ngapi. Halafu akaanza kuja bandani, anakaa juu ya bidoni tupu akitazama wafanyakazi wanavyokata miche ya sabuni kwa waya, na wiki ya pili akaushika waya mwenyewe. Alikata sawasawa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumlipa.

Tuliongea. Hapo nakaa nafikiria sana: tuliongea nini? Nilimwonyesha mapipa. Nilimwonyesha mota mpya. Nilimsimulia nilivyomshinda yule mwenye sabuni wa upande wa pili, nilivyojenga, nilivyoezeka, na yeye alisikiliza yote, akiuliza maswali mazuri, kama mgeni mwenye adabu. Ni mimi niliyesema. Alikuwa amekaa mbali miaka mingi hivyo, na sikumuuliza hata mara moja huko alikokuwa kukoje.

Siku moja tu alisema yeye. Tulikuwa wawili, waya mkononi mwake.

"Leki," akaniita, yaani mdogo wangu. "Udongo wa papa, nani alitupa wa kwanza?"

Nilitaka kusema mjomba. "Miye," nikasema.

"Mukono gani?"

"Wa kuume."

Akakata mche mmoja, akauweka juu ya wenzake, akaunyoosha kwa kidole.

"Bon. Basi wa kushoto unabaki. Nipeleke Yanonge, nitupe yangu. Siombi kitu ingine."

Na mimi nilikuwa naenda Yanonge wiki ileile! Mafuta yalikuwa yameniishia. Pirogi ilikuwa yangu, mota yangu, benzini imeshanunuliwa. Nilikuwa na nini cha kuniambia nimwache? Nilikuwa na mashati. Nilinunua kitenge kimoja kizuri, rangi ya mto ukiwa umejaa, nikampa fundi atushonee mashati mawili sare, langu na la yaya. Nilitaka tushuke pwani ya mto kule Yanonge tumevaa nguo moja, watu waone. Waliotuona tumemficha kwenye mazishi waone. Mjomba aliyekohoa aone. Na fundi, kama mafundi wote wa Mangobo, alikuwa anasema kesho.

"Tutaenda, yaya. Safari ijayo. Hii pirogi itajaa bidoni, utakaa wapi? Na mashati bado. Hiyo dawa inakaa mwezi, halafu munganga anatafuta ingine. Wakati uko."

"Wakati uko," alisema. Hakubisha. Yaya mzima hakuwa mtu wa kubisha.

Nikashuka peke yangu. Yanonge nilijitapa. Mpishi wangu wa mafuta, mzee aliyevua na baba, aliniuliza habari za mkubwa wangu, nami nikamwambia amepona kabisa, kwamba wazungu na wenzao weusi wametengeneza dawa kutoka kwenye mafuta kama yake, kwamba tutakuja wote mwezi ujao na shati moja. Mzee alisema vizuri, atachinja. Nilikaa siku za kutosha kuchagua mafuta kwa pua yangu, kama ninavyofanya siku zote, bila kuharakishwa na mtu. Kupanda mto na mzigo ni polepole. Nilipokaribia pwani ya mji niliona mke wangu amesimama kwenye matope. Mke wangu haji pwani. Pwani inanuka, anasema.

"Yaya?" niliuliza kabla kamba haijafungwa.

"Analala. Haamuki vizuri."

Nilimkuta mkekani, uani, chini ya kivuli cha bati. Shingo imekaza upande mmoja. Mate yanamtoka. Nilimwita, macho yakafunguka nusu, ulimi ukajaribu kutafuta jina langu ukashindwa kuliinua. Kando yake alikaa mama, na beseni, na taulo linalotoa mvuke, na kikombe cha mawese mekundu, yale mazuri, yale ninayomletea yeye peke yake kutoka Yanonge.

"Imeyeyuka, papa," mama aliniambia. Wana wake wote anatuita papa akitupenda. "Ilikuwa imeganda mubaya, nikaikanda. Asubuhi na magaribi. Sasa gusa, hakuna kitu."

Niligusa nyuma ya mkono. Ngozi ilikuwa ya moto, laini, yenye mafuta. Hakukuwa na kitu.

"Mama! Nani alikuambia ukande?"

"Nani ataniambia? Mutoto iko na sindano imeganda ndani ya nyama, nitaangalia tu?"

"Munganga alikataza! Kile ndicho dawa!"

"Weye mwenyewe ulisimama hapa ukasema iko sabuni." Mama hakuwa anabishana. Alikuwa ananieleza, kama anavyomweleza mtoto. "Sabuni inalegezwa na nini? Siyo maji ya moto? Nilisema, kama inamuosha kidogo kidogo na anapona hivi, ikiyeyuka yote atapona yote."

Mtu asiyetujua atamcheka mama yangu. Asimcheke. Dada yetu anachechemea mpaka leo. Alipigwa sindano ya homa akiwa mdogo kule Yanonge, ikaganda kwenye tako, muuguzi akasema itapungua yenyewe. Mama akangoja. Ikawa jipu, jipu likala mshipa, na mguu ule haukukua na mwenzake. Tangu siku ile hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepigwa sindano bila mama kumkanda kwa taulo la moto na mawese. Alinikanda mimi. Amewakanda wajukuu wote. Nyumba zote za Mangobo zinafanya hivyo, na watoto wao wanatembea wima. Mikono ile haikujua kosa. Ilikuwa imefundishwa na mguu wa dada yangu.

Na mimi niliyejua, nilikuwa Yanonge nanusa mafuta. Kama yaya angekuwa kwenye pirogi, amekaa juu ya bidoni, hata bila shati, mikono ile isingemfikia. Hesabu hiyo haitaki shule.

Munganga alikuja mwenyewe nyuma ya pikipiki. Aligusa mkono, akanusa taulo, akamtazama mama, na ninamshukuru hadi leo kwamba hakumpigia kelele. Alimtilia yaya dawa ya kulegeza shingo. Kisha akanivuta pembeni.

"Ya mwezi imetoka kwa siku chache," alisema. "Yote moja kwa moja. Ataamka. Lakini akishaamka, ndani hakuna kitu tena."

"Tupige ingine."

"Sina ingine."

"Munganga, sema tu bei. Miye siyo mutu wa kuomba. Nitauza mota."

"Papa, hii haiko kwenye soko." Alivua miwani akaifuta. "Vidonge viko."

Miaka yote nilikuwa najua hakuna kitu ambacho mtu mwenye mikono miwili hawezi kupata Kisangani akikitaka kweli. Nilisimama uani kwangu, kwenye nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, na sikuwa na mahali pa kwenda kukitaka.

Aliamka, kama munganga alivyosema. Na kuna siku zile, ambazo ndizo zinazoniuma kuliko zote: dhaifu, anakula kwa kijiko kama mgonjwa wa homa, lakini ni yeye. Kichwa chake kilikuwa safi. Alimwambia mama asilie, kwamba mawese yale yalinukia vizuri hata usingizini. Akanigeukia.

"Leki, Yanonge?"

Pirogi ilikuwa bado pwani, tupu, mota imefungwa. Yangekuwa masaa machache ya kushuka na mkondo, hata mota usiiguse sana.

"Upate nguvu kwanza, yaya. Fundi amesema shati ni kesho."

Vidonge alivikubali siku chache. Halafu chini ya ulimi. Halafu nyuma ya choo. Na asubuhi moja tukiwa mezani alimjibu kwa heshima mtu ambaye hakuwepo, akamsogezea kiti. Mke wangu aliinua sahani yake akaondoka. Mama hakuondoka. Aliitazama mikono yake juu ya meza, juu, chini, kama mtu anayetafuta wapi imechafuka.

Fundi alileta mashati wiki hiyo. Mazuri sana. Nililipa, nikayafungia.

Mvua zilikuja, zikaondoka, mto ukajaa ukapungua, kabla munganga hajaniita tena. Alikuwa amepata nyingine. Safari hii nilisikiliza kama mwanafunzi, mikono juu ya magoti, na sikusema neno sabuni, si kwake, si nyumbani. Uani nilisema tu: "Pale hapaguswi. Hata na nzi." Jirani yetu wa makemba akasema atakaa langoni na fimbo ya kufukuza nzi, na hakuna aliyecheka. Mama alifunga nguo zake kwenye kitambaa. Akaenda kukaa kwa dada yangu mpaka mwezi uishe. "Mikono yangu siijui," alisema. "Usiku inaweza kuamka bila miye."

Dawa ilifanya kazi yake. Kauvimbe kalikaa pale, kama haragi, kakipungua kenyewe taratibu. Yaya alitulia. Wageni wake wasioonekana waliondoka mmoja mmoja. Alikata kucha. Alirudi bandani, akaushika waya, na miche ilitoka sawa kama zamani. Chumvi hakuiomba, lakini nilisema moyoni, chumvi si kitu.

Nilingoja wiki ya pili, kama mara ya kwanza. Nikatoa mashati. Nikaipeleka pirogi majini bila bidoni hata moja, nikatandika mkeka katikati ili akae vizuri. Nikaja bandani nimevaa langu, lake mkononi.

"Yaya, vaa. Tunaenda Yanonge."

Alilipokea shati, akalitazama mbele na nyuma. Akalivaa juu ya lile la kazi. Lilimkaa vizuri.

"Kule kufanya nini?" aliuliza.

"Kaburi ya papa. Udongo wako."

Alinitazama kwa wema, kama unavyomtazama mtu anayekueleza habari za ndugu yake usiyemfahamu.

"Papa alishazikwa," alisema. "Si ulitupa weye? Basi inatosha."

"Ulisema wa kushoto unabaki. Yaya. Ulisema hapa hapa, umekaa hapa."

"Miye?" Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, alijaribu, paji la uso likakunjamana. "Haiwezekani. Mutu anatupa udongo mukono moja tu." Kisha akaugeukia waya. "Lituma imeiva?"

Nilimuuliza munganga. Alisema ugonjwa huu kila ukirudi unaondoka na kitu, na hakuna anayejua utachukua nini. Labda kitarudi. Labda sindano ya tatu, ya nne. Mwili una njia zake, alisema, na zingine ni za polepole. Nilimwambia asante. Polepole naijua sasa.

Nilishuka peke yangu na ile pirogi tupu. Nilienda moja kwa moja kaburini, kabla ya kuwasalimu watu, jambo ambalo kule ni adabu mbaya. Majani yalikuwa yameota. Niliyang'oa. Nikainama nikachota udongo kwa mkono wa kushoto, nikasimama nao. Ulikuwa na unyevu, ule udongo mwekundu wa kwetu unaoshika vidole. Nikaanza kumsemea yaya, nikaacha katikati. Mimi ninayesema kila mahali. Mwishowe nikainama tena nikaurudisha pale pale nilipoutoa. Haukuwa wangu.

Mpishi wa mafuta alinikuta nanawa pwani. Alilitazama shati langu jipya, akatazama nyuma yangu, kwenye pirogi, kwenye mkeka.

"Si ulisema mutakuja wawili na shati moja?"

"Yake anayo, mzee," nilimjibu. "Amevaa. Inamukaa vizuri sana."

Akaniuliza kama nitapakia mafuta. Nikamwambia sikuleta bidoni.